Homa imeshuka lakini tumbo limekaza: taifodi ya wiki ya tatu, utumbo kutoboka na kutoka damu (uzi maalumu)

#1 Kisu_Taratibu

Wanajamvi wa Tanga na jirani zake, habari za jioni.

Kila masika yakipita, maswali ya taifodi humu ni yale yale: kipimo kipi, sindano ngapi, uji gani. Linalosahaulika ni hili: mgonjwa amekaa na homa ya digrii 39 wiki mbili na ushee, ghafla mwili umepoa, ndugu wanashukuru Mungu, na siku mbili baadaye wanachimba kaburi. Kimetokea nini hapo katikati?

Jibu liko kwenye utumbo mwembamba, kipande chake cha mwisho kabla haujaingia utumbo mpana. Hapo kuna mabaka ya tishu za kinga, huitwa mabaka ya Peyer. Bakteria wa Salmonella Typhi hujificha humo na kuzaliana. Wiki ya kwanza mabaka huvimba. Ya pili nyama yake huanza kufa. Ya tatu ile nyama iliyokufa hubanduka kama gaga la kidonda. Gaga likibanduka juu ya mshipa wa damu, mgonjwa anatoka damu. Likibanduka na ukuta mzima wa utumbo, tundu. Kinyesi, gesi na bakteria vinamwagika tumboni, na kutoka hapo saa zinahesabika.

Wiki zihesabuni tangu siku ya kwanza ya homa, siyo tangu siku aliyofikishwa hospitali. Mtu anayekuja na "homa ya siku tatu" ukimbana maswali utakuta alishakunywa dawa za malaria mara mbili kabla ya hapo.

Tundu mara nyingi liko ndani ya sentimita 60 za mwisho za utumbo mwembamba, kwa hiyo maumivu huanzia chini upande wa kulia na watu hukimbilia kusema kidole tumbo. Swali moja husaidia sana kutofautisha: kilichotangulia ni nini? Kidole tumbo huanza na maumivu, homa hufuata. Taifodi huanza na homa ya siku nyingi, maumivu makali huja nyuma.

Dalili za kutoboka: maumivu ya ghafla, tumbo linakaza kama ubao, mgonjwa hataki kujigeuza wala kukohoa, choo na upepo vinakata, tumbo linajaa. Homa inaweza kushuka huku mapigo ya moyo yakipanda. Huo mkasi wa homa chini na mapigo juu ukiuona kwenye chati, simama hapo hapo. Taifodi ya kawaida hufanya kinyume: homa juu sana, mapigo taratibu kuliko unavyotarajia.

Mtego mmoja: mgonjwa wa taifodi kali huwa amechanganyikiwa, anabwabwaja, anashika shika shuka. Huyo hatakwambia tumbo linauma. Usimngoje aseme. Mpime tumbo mara mbili kwa siku na umtazame uso unapobonyeza.

#2 Mkaazi_Mwahako

Mkuu shukrani. Huku mitaani tumbo la hivyo huitwa chango. Anaitwa mkandaji, au anapewa mafuta ya nyonyo afungue choo. Madhara yake ni nini hasa?

#3 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Kaka, ukuta wa utumbo wiki hiyo ni mwembamba kama karatasi iliyolowa. Mafuta ya nyonyo yanaufanya utumbo ujikamue kwa nguvu, na pale palipobakia uzi mmoja panachanika. Kukanda vivyo hivyo. Na kama tundu lilishajifunika lenyewe kwa mafuta ya tumboni, jambo ambalo mwili hujaribu kufanya, mkono wa mkandaji unalifungua upya na kusambaza uchafu tumbo zima.

Enema ya kufungua choo pia hapana, hata ile ya wodini. Asiye na choo siku tatu kwenye taifodi apewe maji ya kutosha na atazamwe tumbo, basi.

Diklofenaki, ibuprofeni na asprini muweke mbali. Zinachochea kutoka damu. Homa ishushwe kwa parasetamoli, mtu mzima gramu 1 kila saa 6, mtoto miligramu 15 kwa kilo, na kitambaa cha maji ya uvuguvugu.

#4 Hadubini

Niongezee upande wa maabara, maana taifodi ya karatasi ni nyingi kuliko ya kweli.

Kipimo cha Widal kinapima kingamwili, si bakteria. Aliyewahi kuugua, aliyechanjwa, hata mwenye malaria au maambukizi mengine anaweza kusoma 1:160. Majibu ya mara moja, hasa ya kile cha haraka cha kwenye kigae, hayatoshi kumwita mtu mgonjwa wa taifodi, na yakisoma hasi hayatoshi kumwambia huna. Ili yawe na maana unahitaji sampuli mbili zilizopishana siku 10 hadi 14 na kiwango kiwe kimepanda mara nne. Nani anangoja hivyo?

Kinachoaminika ni kuotesha damu, yaani kuwakuza bakteria waliomo maabara. Na hapo kosa kubwa ni uchache wa damu: bakteria kwenye damu ya mgonjwa wa taifodi ni wachache mno, ukichota mililita 2 kwa mtu mzima umevua bahari kwa kikombe. Chota 8 hadi 10, mtoto mdogo 1 hadi 3 kulingana na uzito, KABLA ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Ngozi ifutwe kwa spiriti ya asilimia 70 na iachwe ikauke yenyewe, usiipulize. Chupa isiwekwe friji. Ikae joto la chumba hadi ifike maabara. Hata ukifanya yote sawa, kipimo hukamata takriban wagonjwa 6 kati ya 10. Uboho wa mfupa hukamata zaidi, zaidi ya 8 kati ya 10, ila sindano yake si ya mchezo.

Jicho jingine: hesabu ya chembe nyeupe. Taifodi huzishusha. Mgonjwa aliyekuwa na 3,500 juzi, leo ana 14,000, huyo tumbo lake litazamwe sasa hivi.

#5 Baharia_Mstaafu

Na chanjo je? Mbona hamuisemi?

#6 Hadubini

Chanjo ipo, ile mpya ya kuunganishwa na protini ilifanyiwa majaribio Blantyre kule Malawi na ikazuia zaidi ya visa 8 katika 10 kwa watoto. Lakini mkuu fungua uzi wake, hapa tuko na waliokwishatoboka.

#7 Kisu_Taratibu

Naendelea. Utumbo umetoboka au unahisiwa umetoboka, nini kinafanyika?

Picha ya eksirei ya kifua, mgonjwa amesimama au ameketi wima. Si picha ya tumbo akiwa amelala, hiyo hupoteza muda. Aketi wima dakika 10 kabla ya kupigwa, hewa ipate nafasi ya kupanda, ndipo utaona mwezi mwembamba mweusi chini ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) upande wa kulia, juu ya ini. Asiyeweza kuketi alazwe ubavu wa kushoto na picha ipigwe kwa pembeni. Hewa itakaa kati ya ini na ukuta wa tumbo. Lakini sikilizeni: hewa haionekani kwa kila aliyetoboka. Wagonjwa wengi tu wana tundu na picha yao ni safi. Tumbo likisema limetoboka na picha ikisema hapana, mimi naliamini tumbo. Ultrasaundi ikionyesha maji mazito yenye chembechembe, hiyo inaongeza nguvu.

Kisha maji. Hapa ndipo wengi wanakosea kwa pande mbili. Wapo wanaomkimbiza mgonjwa kwenye kisu akiwa mkavu, presha 70, mkojo hakuna. Anafia kwenye usingizi. Wapo wanaomtengeneza siku nzima hadi usaha unajaa. Lengo ni saa 4 hadi 6 za kazi ya nguvu, kisha chumba cha upasuaji.

Kazi ya nguvu ni hii. Kanula mbili nene, ya kijivu au ya kijani, mtoto ya pinki au ya bluu. Maji ya Ringer au saline: mtu mzima lita 1 kwa haraka, angalia, rudia; mtoto mililita 10 hadi 20 kwa kilo, angalia, rudia. Mpira wa pua kwenda tumboni, uachwe wazi utoe nyongo na gesi. Asiyewekewa huu atatapika wakati wa kulazwa usingizi na kuvuta matapishi mapafuni. Mpira wa mkojo, kwa sababu mkojo ndiyo saa yako: mtu mzima nusu mililita kwa kilo kwa saa, mtoto mililita 1. Mtu wa kilo 60 akitoa 30 kwa saa, na mapigo yanashuka, yuko tayari. Hakuna kinachopita mdomoni, hata kijiko cha maji ya zamzam. Damu ipimwe kundi na zitafutwe chupa mbili.

#8 Kidonge_Chungu

Dawa niachieni mimi.

Seftriaksoni gramu 2 mshipani mara moja kwa siku, mtoto miligramu 80 hadi 100 kwa kilo bila kuzidi gramu 2 hadi 4. Metronidazoli miligramu 500 kila saa 8, mtoto 7.5 kwa kilo. Seftriaksoni inamshughulikia Typhi, metronidazoli inawashughulikia wale bakteria wa kinyesi wasiohitaji hewa. Kuwapa moja bila nyingine baada ya kutoboka ni kuziba dirisha na kuacha mlango. Wengine huongeza jentamaisini; iangalieni figo kwanza, maana mgonjwa mkavu figo zake tayari zinalia.

Mambo matatu ya mikononi yanayoharibika sana:

Seftriaksoni haichanganywi na maji ya Ringer kwenye mpira mmoja. Ringer ina kalisiamu, na vikikutana hutengeneza chembe kama chokaa. Simamisha Ringer, suuza mpira kwa saline, toa dawa, suuza tena, endelea.

Kichupa cha seftriaksoni cha kuchomwa kwenye msuli huja na maji yenye lidokaini. Hayo ni ya msulini TU. Yakiingia mshipani moyo unaweza kusimama. Kwa mshipani tumia maji safi ya sindano, mililita 10 kwa kila gramu, kwa dakika 2 hadi 4. Gramu 2 ni bora ziende kwa dripu ya nusu saa.

La tatu ni haraka ya kubadili dawa. Homa ya taifodi haikatiki kesho yake. Hata kwa dawa sahihi huchukua siku 4 hadi 6. Siku ya pili mtu anasema "haifanyi kazi", anahamia nyingine, siku ya nne nyingine. Kinyume chake ni huku dukani: vidonge sita vya siprofloksasini, homa ikipoa vinaachwa. Siprofloksasini yenyewe usugu wake umeongezeka, isianzishwe kwa mazoea. Kwa taifodi ambayo haijaharibika, azithromaisini gramu 1 siku ya kwanza kisha miligramu 500 hadi gramu 1 kwa siku, jumla siku 7, ni chaguo zuri la kumeza.

#9 Mkaazi_Mwahako

Wakati wa mababu watu walipona bila kisu. Hakuna dawa ya kuziba hilo tundu lenyewe?

#10 Kisu_Taratibu

Tundu la taifodi halijizibi kwa dawa, mkuu. Ukingo wake ni nyama mfu, unaendelea kumomonyoka. Wachache sana ambao mafuta ya tumboni yalifunika huonekana kupona, wengi wa waliobaki hawakuwepo kusimulia. Matibabu ni upasuaji.

Nieleze kinachofanyika, maana ndugu huambiwa "tunamfungua" na kuachwa hapo.

Chale moja ndefu katikati ya tumbo, kupita pembeni ya kitovu. Ndogo haitoshi. Tumbo likifunguka hutoka upepo wenye harufu na majimaji ya kijani ya njano. Kidogo huchukuliwa kwa ajili ya kuotesha, mengine yanafyonzwa. Daktari anakitafuta kidole tumbo, anakamata utumbo mwembamba pale unapoishia, na kurudi nyuma nao mkono kwa mkono kama mvuvi anavyokusanya wavu, akitazama kila sentimita. Tundu la kwanza akiliona HASIMAMI. Si ajabu kukuta mawili au matatu, na lililosahauliwa ndilo litakalomrudisha mgonjwa mezani siku ya tano. Anapita utumbo mwembamba wote, kisha utumbo mpana, kisha mfuko wa nyongo, kwa kuwa nao hutoboka mara chache.

Tundu huwa la mviringo, upande wa pili wa pale mishipa inapoingilia. Ukingo uliokufa unakatwa milimita 2 au 3 hadi ionekane nyama inayotoa damu. Kile kipande kinapelekwa maabara ya nyama, kwa sababu kifua kikuu cha utumbo nacho hutoboa, na vidonda vyake hukatisha utumbo badala ya kulala kwa urefu. Mshono unalazwa kukatisha utumbo, siyo kwa urefu wake, la sivyo utumbo unabanwa na kuwa mwembamba kama shingo ya chupa. Safu mbili: ya ndani uzi unaoyeyuka namba 3-0, ya nje inashika ngozi ya juu ya utumbo na kuukunja ndani. Fundo lisikazwe. Utumbo wa taifodi umevimba, ni laini; ukikaza, uzi unapita kama unavyokata halua.

Mahali palipokonda, ngozi ya nje imekuwa nyeupe na bado haijatoboka, panashonewa juu kabla hapajaamua.

Kisha kuosha. Saline ya vuguvugu, lita 3 hadi 6 au zaidi, mpaka maji yarudi meupe. Chini ya kiwambo pande zote mbili, mifereji ya pembeni, na chini kabisa nyuma ya kibofu. Usaha hupenda kubakia huko. Maji ya baridi hayafai, yanampoza mgonjwa na damu inakataa kuganda.

Ukuta wa tumbo unafungwa kwa naironi namba 1, sindano ikiingia sentimita 1 kutoka ukingoni na hatua ya sentimita 1. Ngozi inaachwa WAZI, imejazwa gozi yenye saline, kushonwa siku ya 4 au 5 ikiwa safi. Ndugu huona kama uzembe. Siyo. Ngozi iliyofungwa juu ya tumbo lililojaa kinyesi hutunga usaha karibu kila mara.

#11 Jicho_la_Pili

Dokta hapo kwenye kushona tundu tu nina neno. Kushona peke yake kunaacha kipande cha utumbo kilichojaa vidonda vingine vinavyongoja zamu yake. Kwa nini kisikatwe kile kipande chote na ncha zikaunganishwa? Naona kuvuja kunapungua.

#12 Kisu_Taratibu

Hoja ni nzuri na wapasuaji wamebishana kuhusu hilo miaka mingi. Msimamo wangu: tundu moja, mgonjwa amefika ndani ya siku moja, mshono unatosha. Matundu mawili au zaidi yaliyo karibu karibu, au utumbo umekonda eneo kubwa, kata kipande na kuunganisha. Vidonda vikifika mpaka mwanzo wa utumbo mpana, unaondoa na sehemu ya kulia ya utumbo mpana. Lakini mgonjwa aliyekaa siku nne na tundu, protini imekwisha, presha inashikiliwa kwa dawa, tumbo limejaa usaha: kuunganisha utumbo wake ni kamari. Huyo utumbo utolewe nje, choo kipitie tumboni, uunganishwe akiwa amenenepa.

Na yule ambaye hata usingizi hauwezi? Mpira wa kutoa usaha kupitia tundu dogo chini kulia, kwa ganzi ya pale pale, unampunguzia sumu na gesi na kumnunulia saa chache. Ni daraja tu, bado kisu kinamngoja.

#13 Jicho_la_Pili

Hapo tumeelewana. Na deksamethasoni, ile dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe?

#14 Kidonge_Chungu

Ile ni ya aliyechanganyikiwa sana au aliyezimia kwa taifodi, au yuko kwenye mshtuko, yaani presha imeanguka. Jaribio la Jakarta lililochapishwa 1984 lilitumia miligramu 3 kwa kilo mara ya kwanza, kisha 1 kwa kilo kila saa 6, dozi 8, na vifo vilishuka kutoka 56 kwa mia hadi 10 kwa mia. Si ya kila mwenye homa. Na ikishaanza, tumbo litazamwe kwa makini mara mbili zaidi, kwa sababu inalainisha dalili za kutoboka. Ya dukani msiiguse.

#15 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Baada ya kisu kazi ni yetu, na ndipo wengi hupotea kimya kimya.

Mpira wa pua unakaa mpaka kinachotoka kipungue na mgonjwa ajambe. Ndugu, kujamba ni habari njema wodini, msione haya kuiripoti. Kabla ya hapo anakula dripu. Mtu mzima lita 2.5 hadi 3 kwa siku pamoja na kila kilichotoka kwa mpira. Mtoto wa kilo 20 ni mililita 60 kwa saa. Potasiamu hupungua sana kwa sababu ya mpira na kuharisha, na ikipungua utumbo unalala hauamki. Inaongezwa ndani ya dripu baada ya mkojo kuonekana, taratibu, isizidi milimoli 10 kwa saa wodini. Kusukuma potasiamu moja kwa moja kwa sindano ni kusimamisha moyo. Vichupa vyake visiwekwe droo moja na vya saline.

Aketi kitandani siku ya kwanza, asimame siku ya pili, apulize pumzi ndefu. Mwenye kulala chali wiki nzima hupata kifua.

Siku ya 4 hadi ya 8 ndiyo dirisha la kuvuja tena. Mapigo yanapanda bila sababu, tumbo linajaa upya, homa inarudi, au kwenye mpira wa pembeni wa kutoa uchafu tumboni, kama uliwekwa, yanatoka majimaji ya kijani. Kidonda kikianza kutoa maji ya rangi ya waridi mengi ya kulowesha gozi siku ya 5 hadi ya 10, maana yake ni kwamba mshono wa ndani unaachia. Ukikuta utumbo umetoka nje, usiurudishe kwa mkono. Funika kwa kitambaa safi kilicholowa saline ya vuguvugu, mgonjwa akunje magoti, piga kelele uitwe msaada.

Chakula: akishajamba aanze vijiko vya maji, uji mwepesi, kisha mtindi, mayai, supu ya samaki bila pilipili, dagaa waliosagwa ndani ya uji. Protini ndiyo inayoshona. Gramu 1.5 kwa kilo kwa siku, mtu wa kilo 50 anahitaji kama 75. Juisi ya machungwa ya Muheza ni nzuri, lakini haijengi nyama, msimpe hiyo peke yake mkaona mmemlisha.

Seftriaksoni iendelee siku 10 hadi 14, hata akiwa anacheka.

#16 Bint_Chumbageni

Dada nesi, mwenye choo cha tumboni anatunzwaje nyumbani? Mifuko ikiisha je?

#17 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Kwanza rangi. Kile kinundu kiwe chekundu na chenye unyevu kama ndani ya mdomo wa chini. Kikiwa cha bluu au cheusi, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Mfuko ukatwe tundu kubwa kuliko kinundu kwa milimita 2 au 3 tu. Likiwa kubwa, choo cha utumbo mwembamba, ambacho kina vimeng'enya vya kusaga nyama, kinaila ngozi. Osha kwa maji bila sabuni ya manukato, kausha kwa kugusa gusa, paka zinki oksaidi pembeni ngozi ikichubuka. Zinki iwe nyembamba, nene inazuia mfuko kunata. Umwage ukifika theluthi, usingoje ujae, uzito wake unaung'oa. Mifuko ikiisha, kitambaa laini kilichokunjwa duara kuzunguka kinundu, na juu yake gozi ya kunyonya inayobadilishwa mara kwa mara, ngozi ikiwa imepakwa zinki muda wote.

Kipimo cha siku: weka jagi lenye alama. Mililita 500 hadi 1,000 ni kawaida. Ikizidi 1,500 mgonjwa anakauka. Apewe chumvichumvi ya kuongeza maji, maana maji matupu, chai na soda huongeza kutoka. Kuunganishwa tena kwa kawaida ni baada ya wiki 8 hadi 12, akiwa amerudisha uzito.

Na mikono isafishwe kwa sabuni. Choo cha mgonjwa bado kinaweza kubeba bakteria wiki kadhaa.

#18 Jicho_la_Pili

Tumesahau kutoka damu. Hii huwapata wengi kuliko kutoboka lakini huua wachache, na mara nyingi husimama bila kisu. Mgonjwa anapauka ghafla, jasho baridi, mapigo juu, homa chini; choo kinafuata baadaye, cheusi kama lami au chekundu kabisa. Choo kisisubiriwe ndipo uamini.

Alale, asile, kanula mbili, maji, damu. Chupa moja hupandisha damu ya mtu mzima kwa takriban gramu 1. Mtoto apewe damu nzima mililita 20 kwa kilo. Pima kuganda hata pasipo maabara: mililita 2 za damu kwenye neli safi ya kioo, iache dakika 20 bila kuitikisa, iinamishe. Isipoganda, vitamini K miligramu 10 taratibu mshipani na plazma ikipatikana. Akimaliza chupa nne hadi sita ndani ya siku moja na bado anatoka, mpasuaji aitwe. Sehemu inayovuja huondolewa. Na damu na tundu vinaweza kuja pamoja, tumbo lisiachwe kutazamwa.

#19 Mwana_wa_Pangani

Sisi tulio mbali na mjini? Mgonjwa yuko zahanati, au yuko Kilindi, hadi hospitali ya mkoa ya Bombo ni safari ya saa kadhaa.

#20 Kisu_Taratibu

Basi matibabu yaanze kabla ya gari kuwasha. Kanula na dripu ikikimbia, dozi ya kwanza ya seftriaksoni na metronidazoli, mpira wa pua ukiwa wazi na umefungwa vizuri shavuni, mpira wa mkojo. Maumivu yatulizwe, ile imani ya kwamba dawa ya maumivu itamficha daktari ugonjwa imepitwa na wakati, mofini kidogo kidogo haifichi tumbo lililokaza. Njiani alale mgongo ukiwa umeinuliwa kidogo, magoti yamekunjwa, alale ubavu akitapika. Wapande ndugu wawili wazima wanaoweza kutoa damu, siyo wazee wa kusindikiza.

Pigeni simu kule mnakokwenda kabla hamjaondoka. Na barua ya rufaa iandikwe siku homa ilipoanza, SAA tumbo lilipouma ghafla, dawa gani na saa ngapi, maji lita ngapi yameingia, mkojo kiasi gani umetoka. Barua inayosema "taifodi, Widal chanya, tafadhali msaidieni" inatufanya tuanze upya, na mkojo wa njiani umeshamwagwa na hakuna aliyeupima.

#21 Mwana_wa_Pangani

Zahanati isiyo na mpira wa mkojo?

#22 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Kopo au chupa tupu ya dripu, ina alama za mililita ubavuni. Ikate juu, msafiri nayo, na kila akikojoa andikeni kwenye barua ile ile.